Kupima mabadiliko ya familia Kagera: waliobaki na walioondoka

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Muleba, na niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika sosholojia. Nataka kuandika tasnifu juu ya mabadiliko ya familia katika kijiji nilichozaliwa kwa muda wa miaka thelathini iliyopita. Wazee wote niliozungumza nao wananiambia kwamba undugu umekufa: vijana hawarudi, hawasaidii, na kila mtu anamjali mke wake na watoto wake tu. Msimamizi wangu amenishauri niende na dodoso kwa kaya 100 za kijiji, kisha nilinganishe majibu na yale yanayosimuliwa kuhusu zamani. Je, njia hiyo inatosha kuthibitisha kwamba familia imebadilika?

Jibu:

Ndugu Mwalimu,

Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Dodoso la kaya 100 litakupa picha ya kuaminika ya namna watu wa kijiji chenu wanavyoishi mwaka huu, na picha hiyo si ya kudharauliwa. Hata hivyo halitakuambia kama undugu umekufa, kwa sababu wale wanaoshtakiwa kwa kifo hicho hawaishi kijijini. Wako Bukoba mjini, Mwanza, Geita, Dar es Salaam na Kampala, na wewe utakuwa umesikiliza kesi ambayo mshtakiwa hakuitwa. Anayetaka kujua familia imebadilika kiasi gani hana budi kuwafuata watu popote walipokwenda, kwani kurudi kwenye nyumba zilezile na kuhesabu waliomo kunampa nusu ya habari. Kwa bahati njema, mkoa wenu wa Kagera ni miongoni mwa mahali pachache barani Afrika ambapo kazi hiyo ya kuwafuata watu imefanywa kwa ukamilifu, na nitauegemea mfano huo kwa sehemu kubwa ya jibu hili.

Tatizo linaanzia kwenye neno kaya. Katika sensa na tafiti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kaya ni mtu au watu wanaoishi pamoja, wanaokula pamoja na wanaomtambua mmoja wao kuwa mkuu wa kaya. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu kwa kuuliza ni nani aliyelala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Huo ni ufafanuzi wa kiutendaji, uliotungwa ili mtu asihesabiwe mara mbili wala asiachwe, na kwa kazi hiyo unafaa kabisa. Ubaya huja pale mwandishi anapozichukua takwimu za kaya na kuzisoma kana kwamba zinazungumzia familia. Wastani wa watu katika kaya moja Tanzania ulikuwa 4.7 katika sensa ya 2012, ukawa 4.3 katika sensa ya 2022. Ni rahisi mno kuandika chini ya tarakimu hizo kwamba familia zinasinyaa na watu wanawakimbia jamaa zao. Lakini wastani huo hushuka kwa sababu kadhaa zisizofanana. Hushuka wanawake wanapozaa watoto wachache zaidi, na kweli tafiti za kitaifa za demografia na afya zinaonyesha kwamba wastani wa watoto kwa mwanamke ulitoka 5.2 mwaka 2015–16 ukafika 4.8 mwaka 2022. Hushuka vijana wanapojenga au kupanga mapema. Hushuka pia pale mume anapokwenda kupanga chumba Geita ili atafute riziki kwenye machimbo, akahesabiwa huko kama kaya ya mtu mmoja, huku mkewe na watoto wakibaki Muleba wakila fedha anayotuma. Katika mfano huu wa mwisho familia haijapungua hata mtu mmoja. Inapika tu katika vyungu viwili.

Sasa nikueleze utafiti niliouashiria. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana Kagera, wakati ambapo watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiingia kutoka Uganda. Kufikia 1987, uchunguzi uliofanywa Bukoba mjini ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaanzisha utafiti wa kupima kifo cha mtu mzima kinaiachaje kaya yake: walichagua kaya 915 katika jamii 51 za mkoa huo, wakazitembelea hadi mara nne kati ya 1991 na 1994. Kufikia hapo ulikuwa utafiti mzuri wa kawaida. Upekee wake ulikuja mwaka 2004, watafiti waliporudi na orodha ya majina ya watu wote walioandikwa miaka kumi na zaidi iliyotangulia, wakaamua kumtafuta kila aliye hai, awe alikuwa mkuu wa kaya, mke, mtoto wa kulea au kitinda mimba.

Ifikirie kazi hiyo. Simu za mkononi vijijini zilikuwa bado za kuhesabika. Mtafiti aliingia kwenye kibanja, akakuta migomba ileile na labda mama mkubwa wa nyumba, akaanza kuuliza: huyu aliyekuwa na miaka tisa mwaka 1992 yuko wapi sasa? Ndugu akataja kisiwa cha wavuvi, jirani akasahihisha kwamba aliwahi kuwa huko lakini alishahamia Mwanza, na fomu ikasafiri kwenda kwa mtafiti mwingine mbele ya safari. Watu walifuatwa ndani ya mkoa, katika mikoa mingine na ng'ambo ya mpaka, Uganda. Zaidi ya asilimia 90 ya kaya za mwanzo alipatikana angalau mtu mmoja, na watu wa kaya hizo walikutwa wametawanyika katika kaya zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 walirudiwa tena, na idadi ilikuwa imepita 3,000. Kwa wastani, basi, chungu kimoja cha mwaka 1991 kilikuwa kimezaa vyungu vitatu katika miaka isiyofika kumi na mitano, na anayerudi kwenye boma la mwanzo peke yake huviona vyungu viwili kama pengo.

Matokeo yake ndiyo yanayokuhusu. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walilinganisha watu waliotoka katika kaya moja ya mwanzo, yaani aliyeondoka na aliyebaki, ambao mwaka 1991 walikuwa wakinawa mikono katika bakuli moja. Ulinganisho wa namna hiyo una faida kubwa: utajiri wa baba, ukubwa wa kibanja, ukaribu wa barabara na sifa za ukoo ni vilevile kwa wote wawili, kwa hiyo tofauti inayoonekana baadaye haiwezi kusingiziwa asili ya nyumba. Walikuta kwamba kati ya 1991 na 2004 kuondoka kuliongeza ukuaji wa matumizi ya mtu kwa takriban pointi 36 za asilimia juu ya nduguye aliyebaki. Kuacha kilimo kulisaidia sana, lakini katika kila aina ya kazi, kilimo kikiwemo, aliyehama alipiga hatua kubwa kuliko asiyehama. Mtu angefanya utafiti huo kwa kuwahoji waliobaki tu, angeandika kwamba maisha ya familia za Kagera yalisogea kidogo mno katika kipindi hicho. Angekuwa amekosea habari za familia ileile anayoizungumzia, kwa sababu tu sehemu kubwa ya mabadiliko yake ilitokea nje ya mipaka ya kijiji.

Wapo waliofuatwa wakiwa watoto, nao wametufundisha jambo ambalo hakuna dodoso la siku moja lingeweza kulionyesha. Watafiti hao hao waliwatazama watoto ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa na wazazi wote wawili, kisha baadhi yao wakafiwa kabla ya kufika miaka 15. Walipopimwa utu uzimani, waliofiwa na mama walikuwa wafupi kwa karibu sentimita 2 kuliko ambavyo wangekuwa, na walikuwa wamesoma pungufu kwa mwaka mmoja. Kwa waliofiwa na baba, ushahidi wa madhara kama hayo ulikuwa dhaifu zaidi. Sasa chukua kijiji ambacho yatima wote walipata pa kulala kwa shangazi, bibi au mjomba. Sensa ingeandika kwamba wamo katika kaya, na wazee wangesema kwa haki kabisa kwamba undugu ulifanya kazi yake. Ulifanya kweli, ila kuna kitu ambacho mama aliyekufa aliondoka nacho, na kilionekana tu pale mtoto yuleyule alipopimwa tena miaka zaidi ya kumi baadaye.

Nirudi kwa vijana wanaodaiwa kutosaidia, maana hapo ndipo kiini cha swali lako. Kwa kutumia takwimu hizohizo za Kagera, De Weerdt na Kalle Hirvonen walichunguza kinachotokea pale ndugu mmoja anapopatwa na balaa: mavuno kuharibika, ugonjwa mzito, msiba. Walikuta kwamba balaa la aliyebaki nyumbani linagusa matumizi ya nduguye aliyeondoka, ishara kwamba wa mjini hujinyima ili kumtegemeza wa kijijini. Upande wa pili haukuwa hivyo. Wa mjini akipatwa na balaa, wa kijijini hatikisiki. Msaada, kwa maneno mengine, unatiririka kwa njia moja, kutoka kwa walioondoka kwenda kwa waliobaki, na gharama yake kwa mtoaji ni asilimia chache tu za ukuaji alioupata kwa kuhama. Watafiti wenyewe waliona kwamba mtindo huo hauelezeki kwa hesabu ya nipe nikupe, bali kwa kaida za kijamii, yaani mtu hutoa kwa sababu ndivyo mtoto wa watu anavyotakiwa kufanya.

Je, basi wazee wenu wanasema uongo? Sidhani, na ningekusihi usiandike tasnifu ya kuwaumbua. Neno undugu limebeba mambo mengi kwa pamoja: fedha, kuja msibani na kulala, kumleta mtoto akae na bibi yake likizo, kushauriana kabla ya kuoa, kulima kibanja ili kisiwe pori. Inawezekana kabisa fedha imeongezeka huku miili ikipungua. Muamala wa simu, ambao Tanzania umekuwapo tangu mwaka 2008, umemwondolea mtoto sababu mojawapo ya safari. Zamani fedha ilipelekwa kwa mkono, au ikapewa mtu anayeaminika kwenye basi au melini, na mara nyingi aliyeipeleka alikuwa mwenye fedha mwenyewe, akala, akalala, akaulizwa habari za mkewe. Mzee anayesema vijana hawasaidii huenda anasema kwamba hawaji. Dodoso lako likiuliza kwa jumla, "Je, watoto wako wanakusaidia?" litavichanganya vyote hivi katika jibu moja la ndiyo au hapana, na hutaweza tena kuvitenganisha. Uliza kila kimoja peke yake: ni lini mara ya mwisho Fulani alituma fedha, ni lini alipiga simu bila kuombwa kitu, ni lini alilala hapa.

Kuna tahadhari nyingine juu ya kuuliza upande mmoja. Mwaka 2000 kijiji kimoja cha Kagera kiitwacho Nyakatoke kilihojiwa chote, kaya zote 119, na kila mtu mzima akaombwa ataje watu anaowategemea au wanaomtegemea kwa msaada. Kwa kuwa wote walihojiwa, kila jozi ya kaya iliweza kukaguliwa kutoka pande mbili, na jozi hizo ni 7,021. Ilibainika kwamba mara nyingi sana mmoja alimtaja mwenzake na mwenzake hakumtaja. Jambo hili lilinifurahisha nilipolisoma kwa mara ya kwanza, kwa sababu kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya michango ya harusi analijua bila takwimu: daftari la mtoaji na daftari la mpokeaji havikubaliani. Kwa mtafiti lakini ni onyo kubwa. Ukimhoji baba peke yake umepata daftari moja.

Nusu ya pili ya mpango wa msimamizi wako, yaani kulinganisha na zamani inayosimuliwa, ina udhaifu wa aina yake. Zamani hiyo ni ya nani? Sehemu ya tunayoyaita mila za Wahaya imetufikia kupitia maandishi ya maofisa wa kikoloni, hasa Hans Cory na M. M. Hartnoll, ambao mwaka 1945 walichapisha sheria za kimila za Wahaya. Kitabu cha namna hiyo kinaeleza kanuni. Hakielezi ni watu wangapi walizifuata, wala wanawake walizipitaje. Kuwa kanuni iliandikwa hakumaanishi kwamba watu waliacha kuipinga: katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Mahakama Kuu ya Mwanza mwaka 1990 ilipaswa kuamua kama mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake anaweza kuiuza, na Jaji Mwalusanya akaamua kwamba anaweza, kwa kuwa kanuni iliyomzuia ilikuwa ya kibaguzi na kinyume cha Katiba. Ukianza na kitabu cha 1945 na kumalizia na kijiji cha leo, utaona mabadiliko makubwa mno, na baadhi yake yatakuwa ni umbali tu kati ya kanuni na maisha, umbali uliokuwapo hata mwaka huo wa 1945.

Kumbukumbu ya wazee nayo ina mtego ambao wanasosholojia wamehangaika nao kwa miongo mingi. Mzee wa miaka 75 anapolinganisha vijana wa leo na ujana wake, analinganisha mambo matatu kwa mpigo. La kwanza ni umri: huenda mtu wa miaka 25 wa wakati wowote ule hutembelea jamaa kidogo, kisha akifika 45 na kuanza kuzika wazazi anakuwa nguzo ya ukoo. La pili ni kizazi: waliozaliwa katika miaka ya UKIMWI, wakalelewa na bibi, huenda wakabaki tofauti maisha yao yote. La tatu ni wakati wenyewe: bei ya kahawa ikianguka au nauli ikipanda, watu wa umri wote hupunguza safari mwaka huohuo. Majibu ya siku moja hayawezi kuyatenganisha haya matatu, hata ukihoji kaya 1,000. Ungeweza kuyatenganisha kama ungekuwa na watu wa umri uleule waliohojiwa katika miaka tofauti, na hapo ndipo ninapokushangaa kidogo wewe na msimamizi wako, kwa sababu takwimu hizo zipo. Data za utafiti wa Kagera zimehifadhiwa na Benki ya Dunia na hutolewa kwa watafiti bila malipo. Kabla hujachapa dodoso hata moja, tumia mwezi mmoja kuangalia kijana wa miaka 25 wa mwaka 1991 aliishi na nani, alituma nini na alipokea nini, kisha mwangalie wa 2004 na wa 2010. Zamani yako itakuwa imepata tarehe.

Hukuligusia katika swali lako, lakini bila shaka kijana kuwa na kazi au kutokuwa nayo kutaingia kwenye uchambuzi wako, kwa hiyo niseme kidogo juu ya neno kazi, maana nalo linadanganya. Mama anayeamka alfajiri, akapalilia, akasenya kuni, akauza ndizi gulioni, ukimuuliza kazi yako ni nini atakujibu, "Nipo tu nyumbani." Jaribio moja lililofanywa Tanzania na kina Elena Bardasi lilizigawa kaya katika makundi kwa bahati nasibu: wengine waliulizwa moja kwa moja kama wamefanya kazi siku saba zilizopita, wengine wakaulizwa kwanza maswali ya kuchuja kuhusu shamba, biashara ndogo na vibarua. Kiwango cha watu walioonekana kushiriki katika nguvukazi kilitofautiana kwa hadi pointi 10 za asilimia kutokana na namna ya kuuliza tu. Swali fupi liliwapunguza wanawake. Kumwachia mtu mwingine wa nyumbani ajibu kuliwapunguza wanaume, hasa kwa kusahau kazi zao za shamba. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Mara, jaribio jingine lililinganisha wakulima waliohojiwa kila wiki na wale walioulizwa mara moja mwisho wa msimu. Walioulizwa mwisho wa msimu walitaja saa za kazi kwa kila mtu kwa kila shamba zilizofika hadi mara nne ya wenzao, huku wakiyasahau baadhi ya mashamba na baadhi ya watu waliofanya kazi. Ongeza na hili, kwamba mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi ulikubaliana kuwa anayelima hasa kwa ajili ya chakula chake anafanya kazi lakini hahesabiwi kuwa na ajira. Utafiti uliofuata kanuni hiyo hauwezi kuwekwa kando ya ule wa mwaka 1991 na kusomwa kama mstari mmoja. Mama yuleyule, na jembe lilelile, ataonekana amepoteza ajira.

Ukinikubalia, basi, ningelibadilisha pendekezo lako hivi. Punguza kaya 100 ziwe wazazi kama 30 wa miaka 55 na zaidi, uliowachagua kwa kura kutoka kwenye daftari la wakazi la kijiji, pasipo kuchagua wale unaowafahamu. Kwa kila mzazi andika watoto wote aliowazaa na aliowalea, walio hai na waliofariki, wa ndani na wa nje ya ndoa, na mahali alipo kila mmoja. Orodha hii peke yake itakupa sura nzima ya tasnifu. Kisha kutoka katika kila orodha chagua kwa kura mtoto mmoja aliyebaki na mmoja aliyeondoka, uwahoji wote wawili, wa mbali kwa simu ikibidi. Waulize watu hawa watatu juu ya mwezi mmoja uleule: nani alitoa nini, kwa nani, kwa sababu gani. Majibu yakipingana usitafute wastani wake. Yaandike yote, na ueleze yanapingana juu ya nini, kwa sababu mzazi anayesahau fedha lakini anakumbuka siku ya ugeni amekuambia undugu kwake ni nini.

Kuhusu miaka, usimuulize mtu jambo lilitokea mwaka gani. Tengeneza kalenda ya maisha kwa matukio ambayo kila mtu wa Kagera anayabeba: Vita vya Kagera vya 1978–79, kifo cha Sokoine Aprili 1984, kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, mvua za El Niño za 1997–98, tetemeko la Bukoba la Septemba 2016. Uliza kama alikuwa ameshaondoka nyumbani MV Bukoba ilipozama, alikuwa akiishi na nani, baba alikuwa hai au la. Utashangaa jinsi mtu asiyekumbuka mwaka wa ndoa yake anavyokumbuka alikuwa amekaa wapi redio ilipotangaza ajali ile.

Watakuwapo ambao huwezi kuwapata, nao wasifutwe kwenye hesabu. Kuna nyumba nzima zilizokwisha, na hizo hutazikuta kwa sababu hakuna mzazi wa kuorodhesha; waulize majirani juu ya viwanja vilivyo wazi na uandike unachoambiwa. Kuna waliokufa mbali. Kuna waliopotezana na kwao, na hao ndio ushahidi mzito kuliko wote kwa hoja ya wazee wako, hivyo kuwaacha nje kungeipendelea hoja ya upande wa pili. Andika ni wangapi, ni wana au mabinti, na mara ya mwisho walisikika lini.

Mwisho ni suala la ruhusa, ambalo katika utafiti wa namna hii halimalizwi na barua ya mkurugenzi wala muhuri wa mtendaji wa kijiji. Utakuwa unapewa namba za simu na wazazi, na mwenye namba hakuulizwa. Mwanzoni mwa kila simu mweleze umeipataje, na kwamba anaweza kukataa bila wewe kumrudishia mtu yeyote habari. Usimwambie baba mtoto alisema anatuma kiasi gani, wala mtoto kwamba baba alisahau kumtaja. Pia utawapata wachache, hasa mabinti, waliotoroka ndoa au kipigo, ambao namba yao uliipata kwa mdogo wao kwa siri. Ukimkuta aliye katika hali hiyo, naye akasema hataki kwao wajue alipo, andika "hakuhojiwa", futa namba, na mama yake akikuuliza kama umempata, mjibu kwamba huna ruhusa ya kusema umempata au hujampata nani, kama unavyomjibu kila mzazi mwingine.